Mtu wa Kwenda Kuona Boma

Matinyani, Kitui
Jumapili, 6 Julai 2025

Kwa ndugu yangu mpendwa Nzioka,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kwa salamu nyingi kushinda wale ndege unaowafukuza kwenye mtama wa utafiti huko Kiboko. Goti lako je? Sisi huku tupo, Mungu anatubeba. Mama mkwe bado ni wa kulala tu, namgeuza asubuhi na jioni, na siku akinikumbuka jina nashukuru. Ndengu tulipata madebe mawili na nusu, zingine zilikauka zikiwa maua.

Barua hii nimempa Mutisya wa gari la ndengu kwa sababu anapita kwako mara mbili kwa wiki, na kwa sababu neno lenyewe si la simu. Hapa simu inashika mtandao pale dukani tu, na wote walioketi wanakuitikia amina. Tena baba alitufundisha kwamba neno la mtoto liandikwe, mtu asije akasema hakusikia hivyo.

Ni neno la Ndululu. Chuo kikuu kimemwita. Si hapa karibu, ni kile cha kanisa kilicho mbele ya Nakuru. Wamempa nafasi ya uuguzi, na wanasema watamsomesha bure, kulala na kula pia, miaka minne, kwa sababu hana baba na ametoka mahali pakavu. Nilipomaliza kusoma niliketi chini. Ile nafasi ya serikali tuliiacha mwezi wa tano, unajua, karo ilitushinda hata kabla ya kuanza. Kwa hivyo ni hii ama hakuna. Na wameandika wazi: ikifika Ijumaa tarehe moja Agosti kama hajajibu, anapewa mtoto mwingine.

Sasa ndugu yangu, naogopa kujibu ndiyo. Unajua ni kwa nini. Dada yake Mumbua yuko hapa nyuma yangu anapukuchua mahindi. Tulijibu ndiyo kwa kile chuo chake bila kufikiria sana, na siku moja wanafunzi wakakuta kufuli mlangoni na mwenyewe hapatikani. Miaka miwili ikaenda hivyo. Yule msichana aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwaya, siku hizi anasema na mbuzi kuliko anavyosema na mimi.

Nikasema safari hii hatujibu bila kuona. Ndululu akaruka juu: "Basi twende mama! Wana siku ya wageni tarehe kumi na tisa, wanazungusha watu kila mahali." Nikamwambia polepole. Kwetu msichana haendi mwenyewe kukagua boma linalomtaka. Hata kabla mbuzi wa ntheo, wale wa posa, hawajaletwa, mtu mzima wa upande wa mama ndiye anatangulia, aone kama kuna maji, kama ghala lina kitu, kama watu wa pale wanasalimiana. Akanijibu, "Mama, chuo hakijaniposa. Mimi si bibi harusi." Tukacheka, hata mama mkwe akacheka bila kujua ni nini. Lakini sikubadilisha. Na mimi mwenyewe siwezi kumwacha mgonjwa.

Upande wa marehemu mume wangu hakuna mwanamume aliyebaki. Mjomba ni wewe. Nenda utuonee. Ukisema ndiyo, atatia sahihi siku hiyo hiyo. Ukisema hapana, basi, tutanyamaza.

Ni mimi dada yako,
Wayua


Kiboko, Makueni
Jumamosi, 12 Julai 2025

Dada yangu Wayua,

Pokea salamu katika jina la Yesu. Goti linauma ikikaribia mvua, na kwa vile mvua haikaribii, niko sawa. Mpe mama mkwe pole yangu. Mutisya alikuwa ameikalia barua yako garini, ikafika na joto.

Nimeshangilia habari ya Ndululu. Nilisimama katikati ya mtama nikapiga makofi na ndege wote wakaruka, msimamizi akasema leo Nzioka anafanya kazi.

Lakini dada, usinitume mimi. Nakuomba kama mtu anayeomba maji. Kile chuo cha Mumbua ni mimi nilikwenda kukiona, au umesahau? Walinikalisha kwenye kiti cha kitambaa, wakanipa soda baridi, wakanionyesha chumba kina kompyuta kumi na mbili. Niligusa moja kwa kidole. Sikuuliza hata kama inawaka. Nikarudi kwako nikasema ndiyo, mtoto aende, ni mahali pa Mungu. Ni mdomo wangu huu.

Hujawahi kunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inanisumbua. Ungenitukana mara moja ningepumzika.

Afadhali umtume mzee Munyao wa kanisa lenu, yule amesoma. Ama mwache Ndululu aende na mwalimu wake. Watoto wa siku hizi wanajua kuuliza.

Ndugu yako,
Nzioka


Matinyani
Jumanne, 15 Julai 2025

Ndugu yangu Nzioka,

Amani iwe kwako. Sisi wazima, isipokuwa mbuzi mmoja amevunjika pembe kwa ujinga wake.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekataa. Munyao ni mzee wa kanisa lakini si damu. Akikosea ataniambia tumwachie Mungu, kisha ataenda kwake kula. Wewe ukikosea utalala bila kula. Ndiyo sababu ninakutaka wewe. Mtu aliyeumwa na nyoka ndiye anajua kuangalia nyasi.

Habari ya lawama tuiache. Kama kuna kosa ni la sisi wote, na Mungu alishalifuta. Nilimwambia Mumbua kwamba mjomba anaogopa kwenda. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie safari hii asinywe soda." Nilitaka kumkemea, lakini nikaona ni mara ya kwanza mwaka huu amefanya mzaha, nikamwacha.

Ndululu anakutumia maswali ameandika kwenye karatasi hii nyingine, sita. Anataka hasa kujua kama hospitali ya kujifunzia iko karibu. Amechora hata mstari chini ya kila swali uandike jibu. Huyu mtoto! Jana aliniuliza tena kama anaweza kukusindikiza angalau mpaka getini, asimame nje. Nikamwambia awe na subira, mjomba ana macho.

Nenda na lile koti la kijivu. Tarehe kumi na tisa usisahau. Tunafunga na kuomba siku hiyo, mimi na akina mama wa ushirika.

Dada yako,
Wayua


Kiboko
Jumatano, 23 Julai 2025

Dada yangu mpendwa,

Salamu. Natumaini mfungo uliisha salama na hamkuumwa vichwa.

Nilikwenda. Ijumaa nililala Nakuru kwa Kanyi, yule tuliyekuwa tukifanya naye kazi hapa kabla hajarudi kwao. Mkewe alinipa chai na mukimo wa viazi, wakaniombea. Jumamosi nikafika mapema.

Dada, sitazunguka. Moyo wangu umesema hapana.

Mahali penyewe kwa nje panapendeza, kuna nyasi na maua. Lakini mabomba hayana maji. Wasichana wanabeba mitungi kutoka mtoni, na mto uko chini sana, nimeambiwa kuna mamba. Maktaba imefungwa kufuli tangu Pasaka. Mabweni yana nyufa, mkono unapita. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja kama walimu wanakuja, akasema anayekuja ni mmoja, na huyo mmoja ni mgonjwa. Watu wa pale hawasalimiani.

Maswali ya Ndululu sikuweza kujaza vizuri kwa sababu karatasi ililowa jasho. Hospitali ya kujifunzia iko mbali.

Najua nimewavunja mioyo. Afadhali moyo uvunjike kwetu kuliko mtoto avunjike kwa watu. Mwambie Ndululu kwamba mlango Mungu akiufunga hakuna wa kuufungua, na kwamba mjomba wake anampenda kuliko anavyojua kusema.

Ndugu yako,
Nzioka


Matinyani
Alhamisi, 31 Julai 2025

Ndugu yangu Nzioka,

Bwana asifiwe hata hivyo. Mama mkwe anakohoa kidogo. Wengine tuko.

Nilimsomea Ndululu barua yako jikoni. Hakulia papo hapo. Kwanza aliuliza, "Vyoo je? Alisema vikoje?" Nikasema hujaandika. Akauliza, "Mto unaitwaje?" Nikasema hujaandika. Akapuliza moto, kisha akasema, "Mama, kama ni maji ya mtoni mimi niko tayari. Kwani hapa nachota wapi?"

Ni kweli, Nzioka. Kila siku anachimba mchanga kule mtoni mpaka mkono wote unaingia. Akasema nyufa atazijaza matope, na mwalimu mgonjwa atakuwa mgonjwa wake wa kwanza wa kufanyia mazoezi. Alikuwa anachekesha na machozi yanatoka. Akanishika miguu, mtoto mkubwa hivyo. Akasema, "Niruhusu tu niseme ndiyo, kukiwa kubaya nitarudi."

Nikamwambia, "Hata dada yako alisema atarudi." Alirudi, lakini si yeye tuliyempeleka.

Nilikuwa nimeahidi kwamba neno la mjomba ndilo la mwisho, na mtu haombi ushauri kwa Mungu kisha akachagua mwingine. Jana alikwenda Kitui mjini, kwa yule wa kompyuta, akawajibu watu wa chuo kwamba anashukuru lakini hatakuja. Aliandika vizuri, bila kosa, Kiingereza cha kujivunia. Alinisomea akanitafsiria.

Nakushukuru, ndugu yangu. Umetuokoa, balaa lisitupate mara ya pili. Safari ndefu hivyo na goti lako. Mungu akulipe.

Dada yako,
Wayua


Matinyani
Jumapili, 14 Septemba 2025

Ndugu Nzioka,

Habari za siku nyingi. Hujaandika tangu Julai, na Mutisya anasema u mzima, anakuona na kofia yako shambani. Sisi tuko.

Ninakuandikia nikitoka ibada. Unamkumbuka Shiru, aliyeketi dawati moja na Ndululu sekondari? Mama yake ni Beth, wale Wakikuyu wenye duka la vyombo barabara ya Mombasa. Sisi hatukujua, lakini yeye pia aliitwa na chuo kile kile. Mama yake alimpeleka wiki ya mwisho ya Agosti.

Juzi Shiru alimtumia Ndululu video, kwa simu ya Mumbua, zikaingia pale dukani akaja nazo nyumbani. Tuliziangalia sote, hata mama mkwe tulimshikia. Anaosha nguo chini ya bomba na maji yanaruka mpaka anacheka. Anapita kwenye maktaba, watu wamejaa kama siku ya Pasaka. Hospitali iko ng'ambo ya barabara, wanavuka na sare zao mbili mbili. Anasema, "Ndululu, mbona ulikataa? Kitanda cha pembeni yangu amekuja msichana wa Garissa, ungekuwa ni wewe." Hakusema kwa ubaya.

Nimejaribu kukuamini kwa kila njia. Nikasema labda wametengeneza mabomba mwezi huu mmoja. Labda yule mwalimu amepona. Nikasema labda kuna vyuo viwili, ulikwenda kile kingine. Ndululu ameweka simu chini akaenda kukama.

Sikuulizi mengi. Uliingia ndani?

Wayua


Matinyani
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nzioka,

Mutisya ameapa mbele yangu kwamba barua yangu alikupa mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama.

Ninangoja.

Wayua


Kiboko
Jumapili, 2 Novemba 2025

Dada yangu Wayua,

Sijui kama bado unataka salamu zangu. Nazituma, uzipokee ama uziache.

Sikuingia.

Nilifika getini saa nne asubuhi. Sitasema walinifukuza, ningependa sana kusema hivyo. Askari aliniamkia kwa heshima, akanipa kadi ya kuvaa shingoni imeandikwa mgeni. Akaniambia, "Karibu mzee, fuata wenzako mpaka kwenye hema." Kijana wa chuo akaja kunishika mkono kwa ajili ya goti. Wayua, walinikaribisha vizuri mno. Walinikaribisha kama wale wa kwanza. Hapo miguu yangu ikasimama. Nikamwambia kijana nimesahau kitu, nikarudi nje, nikaketi kwa mama mmoja anayechemsha mahindi mpaka saa tisa.

Kutoka pale niliona wazazi wakiingia na watoto wao. Niliwaona wakitoka. Walikuwa wamefurahi, na kadiri walivyofurahi ndivyo nilivyoogopa, kwa sababu hata mimi kile cha Mumbua nilitoka nimefurahi. Nilijua nikiingia nitapenda. Na nikipenda nitasema ndiyo, na ndiyo yangu iliua kitu kwa mtoto wako mmoja. Nikajiambia, hapana haina hatari. Mtoto ambaye hakwenda hajapotea, yuko kwa mama yake, unajua anakula nini.

Yale mengine nilitunga njiani. Bomba lisilo na maji ni la hapa kwangu. Nyufa ni za nyumba yangu. Mamba sijui nilimtoa wapi. Karatasi ya mtoto haikulowa, ninayo. Ina mistari sita mitupu.

Tarehe moja Agosti nilishika simu shambani nikakutafuta jina. Nikasema bado kuna saa kadhaa, niongee nawe, Ndululu arekebishe jibu. Kisha nikakumbuka umenishukuru. Nilikuwa nimepata barua yako asubuhi ile, "umetuokoa". Nikarudisha simu mfukoni. Hiyo ndiyo dhambi yangu kubwa, kuliko ya getini.

Wale wapelelezi kumi wa Musa walioleta habari mbaya ya nchi, mchungaji huwasema kila mwaka, nami huwa nawadharau. Hao angalau waliingia.

Jumatano iliyopita niliwapigia chuo. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole. Akasema nafasi ilichukuliwa tarehe nne Agosti, na wafadhili walikuwa wa mwaka huu peke yake. Nimemwambia mchungaji aniondoe kwenye uzee wa kanisa nilio nao hapa. Ameniondoa.

Siombi unisamehe. Nimeandika ili ujue, kama baba alivyotaka.

Ndugu yako, ukikubali,
Nzioka


Matinyani
Jumapili, 7 Desemba 2025

Ndugu yangu Nzioka,

Nakusalimu. Mama mkwe alilala katika Bwana tarehe kumi na nane Novemba. Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Sikukuita, na watu walipouliza mjomba yuko wapi nilisema goti. Kwa hivyo hata mimi sasa ni mwongo.

Barua yako niliwasomea wasichana wote wawili, neno kwa neno. Nilidhani Mumbua atasema kitu kikali. Alisema, "Alipaswa kuja kuniuliza mimi. Mimi ningemwambia cha kuangalia." Halafu akatoka. Hatukuwahi kumuuliza, Nzioka. Yeye ndiye alikaa mle ndani miaka miwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Ndululu aliichukua barua, akasoma tena peke yake pale penye habari ya getini. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo alisimama pale, na mimi nilikuwa hapa nachota maji?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa.

Nimesimama mbele ya akina mama wa ushirika nikatamka kwamba nimekusamehe, kwa sababu imeandikwa. Mdomo umesamehe. Moyo unakuja nyuma, na sitakudanganya kwamba uko karibu. Lakini pia siwezi kukukasirikia vizuri. Kila nikianza, namuona amenishika miguu. Mtoto aliomba aende kuona. Aliomba mara mbili, Nzioka, na mara ya pili aliomba kusimama nje tu. Niliyesema hapana ni mimi, kwa sababu ya desturi ya kuposa, na hakuna aliyekuwa akimposa.

Amepata kazi Kikima, kuuza katika duka la mbegu la mama mmoja anaitwa Wariara. Aliitafuta mwenyewe. Ameondoka Jumatatu. Nilipomuona anafunga mfuko nilimwambia, mwanangu, sasa mgonjwa hayuko, mimi nina nafasi, ningoje nitangulie nikaone mahali penyewe, ama twende pamoja. Hakunijibu kwa hasira. Ningependelea hasira. Alinishika bega kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka, akasema, "Si lazima, mama. Ni duka."

Krismasi ukitaka kuja, njoo. Mumbua atakupikia. Ndululu amesema hatapata ruhusa.

Hapa mvua ilinyesha mara mbili ikakatika, mahindi yamejikunja. Asubuhi ninaomba kama kawaida, nawataja watu wote kwa majina, wagonjwa, wafiwa, na wewe nakutaja. Nikifika kwa Ndululu sijui tena niombe nini, naomba mvua.

Dada yako,
Wayua